Sweta Kabale, Jasho Pakwach

Familia ya askari aliyehamishwa kutoka Kabale kwenda Pakwach hugundua usiku wa kwanza kwamba mablanketi mazito yaliyofungwa kwa bidii hayana kazi. Watoto hulala juu ya mkeka, na mama hujiuliza imekuwaje nchi moja ya Uganda, tena ipitiwayo na mstari wa ikweta, iwe na baridi ya kukunja mikono huku na joto la kukosesha usingizi kule.

Sababu ya kwanza ni kimo. Kabale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Pakwach, kando ya mto Nile, iko kiasi cha mita 600 na kitu. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa wastani wa digrii 6 au 7. Kwa hiyo kimo peke yake chatosha kuitenga miji hiyo kwa digrii 8 hivi.

Sababu ya pili ni maji. Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000, hujitengenezea majira yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, maji hubaki na uvuguvugu, pepo za pande zote hukutana juu ya ziwa, mvuke hupanda, na ngurumo huanza. Ndiyo maana dhoruba kali huwakuta wavuvi kabla ya alfajiri. Wako wanaodai kuwa ni mwezi uletao mvua. Mwezi hauna hatia. Moroto, iliyo mbali na ziwa, hupata pepo kavu za mashariki, na wafugaji wa huko hungojea msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka.

Ziwa nalo hutii bahari iliyo mbali. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kupita kawaida, mvua za mwisho wa mwaka huzidi. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Ikawa hivyo tena mwaka 2019. Mei 2020 maji yalirudia kimo kile cha 1964, yakaingia katika magati na nyumba za ufukweni.

Hayo yote ni kazi ya maumbile. Maumbile pia yaweza kuibadili tabia ya nchi kwa muda: mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, gesi yake ya salfa iliipoza dunia kwa karibu nusu digrii, kisha baada ya miaka michache joto likarudi. Lakini hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe na mafuta haiondoki upesi namna hiyo. Kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420. Huruhusu mwanga wa jua kupita, kisha huzuia joto lisirudi angani. Sehemu kubwa imetoka katika nchi zenye viwanda. Mchango wa Afrika nzima haufiki asilimia 5 kwa mwaka.

Hata hivyo Rwenzori haukusamehewa. Mwaka 1906 barafu yake ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia 2003 haikutimia hata kilomita moja. Na hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila digrii moja, kisha huumwaga kwa mkupuo. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulishuka Kilembe na Kasese ukiviringisha mawe makubwa, ukabomoa nyumba. Hospitali ya Kilembe nayo iliharibiwa.

Mto wa namna hiyo hufurika hata pale ambapo bondeni hakujanyesha tone, kwa kuwa mvua imeanguka mlimani. Maji yakigeuka rangi ghafla na kuburuta vijiti na majani, watoto na wazee wapandishwe mahali pa juu kwanza. Magodoro na masufuria yatafuata, nafasi ikiwapo.