Watu wa Kandokando: Mila za Mashabiki wa Tour de France

Tour de France ni mashindano ya baiskeli yanayozunguka Ufaransa kwa muda wa wiki tatu, kwa kawaida mwezi Julai. Yalianzishwa mwaka 1903 na L'Auto, gazeti la michezo lililokuwa likihangaika kupata wasomaji, na hayajakatizwa na chochote isipokuwa vita kuu mbili za dunia. Hayana uwanja wala tiketi, ukiacha majukwaa ya wageni waalikwa karibu na mstari wa mwisho. Hupita katika barabara zilezile ambazo kesho yake zitarudishiwa matrekta na malori ya maziwa, na ye yote aweza kusimama pembeni akatazama bure. Kwa miaka zaidi ya mia moja, wale wanaosafiri kwenda kusimama hapo wamejijengea desturi zao, zenye adabu na miiko yake.

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali. Kwenye tambarare, waendeshaji zaidi ya mia na sabini hupita wameshonana kwa mwendo unaozidi kilomita 40 kwa saa, na mtazamaji huambulia upepo, rangi za jezi na mlio wa minyororo kwa nusu dakika hivi. Ndiyo maana wenye uzoefu hukimbilia milimani. Mashindano yaliingizwa katika milima mirefu ya Pyrenees mwaka 1910, na tangu hapo mteremko wa upande mmoja na mpando wa upande wa pili ndivyo vinavyoamua nani mshindi. Mlimani mwendo hupungua, kundi hukatikakatika, na shabiki humwona mtu mmoja mmoja usoni, akihema.

Barabara za milimani hufungwa saa nyingi kabla ya mashindano, na zile mashuhuri hujaa siku kadhaa kabla. Wastaafu huja na magari yenye vitanda na jiko, wakayapanga kwenye kingo za barabara, wakateremsha meza, viti na mwavuli. Vijana hulala kwenye mahema. Jirani wa siku hizo mara nyingi ni mgeni wa taifa jingine, na kinachowaunganisha ni chakula: nyama ya kuchoma, jibini, soseji kavu, mvinyo. Mchana watu hucheza tufe za chuma au husikiliza redio. Siku yenyewe ikifika, maelfu hupanda mlima kwa baiskeli zao asubuhi, wengine wakiwa na vitambi na nywele za mvi, ili waonje mpando huo kabla mabingwa hawajaupanda. Nao hushangiliwa na waliokwisha kupiga kambi. Kwa hakika, anayetaka kuelewa mashindano yanavyokwenda angebaki nyumbani mbele ya televisheni. Watu wa kandokando wanalijua hilo vizuri, na hawaonekani kujali.

Muda wa kusubiri una kazi zake. Kubwa kuliko zote ni kuandika lami. Kwa rangi nyeupe watu huandika majina ya waendeshaji wanaowapenda, majina ya vijiji vyao, salamu, na pengine madai ya wakulima au wafanyakazi waliogoma. Michoro ya matusi haiachwi. Waandaaji hutanguliza wafanyakazi wenye ndoo na brashi, na mafundi hao hawafuti kila kitu: huongeza mistari miwili mitatu, na mchoro wa uchi ukageuka bundi au kipepeo. Huko mashambani nako wakulima hupanga marobota ya nyasi na matrekta yakaunda baiskeli kubwa mno, ili ionekane kutoka kwenye helikopta ya televisheni.

Takribani saa mbili kabla ya waendeshaji, hupita msafara wa matangazo. Msafara huu ulizaliwa na uhaba wa fedha. Mwaka 1930 mkurugenzi wa mashindano, Henri Desgrange, aliziondoa timu za viwanda vya baiskeli na kuweka timu za mataifa. Gharama za malazi na chakula zikamwangukia yeye. Akayauzia makampuni nafasi ya kutangulia mbele ya mashindano yakijitangaza, na kampuni ya chokoleti ya Menier ikawa miongoni mwa za kwanza kugawa vitu kwa watu. Leo ni magari mengi ajabu, mengine yameundwa kwa sura ya kuku, chupa au baiskeli, na vijana waliofungwa mikanda juu yake wakirusha kofia, pipi, vikuku, vipande vidogo vya soseji na fulana nyeupe zenye madoa mekundu, mfano wa jezi ya mfalme wa milima, yaani bingwa wa kupanda. Familia nyingi za vijijini huja kwa ajili ya msafara huu hasa. Ada inataka watoto watangulizwe, lakini akina babu wenye heshima zao huonekana wakigombania kofia ambayo dukani wasingeitupia jicho.

Msafara ukishapita, kimya kidogo, kisha masikio hutangulia macho. Helikopta husikika bondeni, zikafuatwa na pikipiki za polisi na magari mekundu ya waandaaji, ndipo anatokea anayeongoza. Umati uliokuwa umejaa barabarani hufunguka mbele yake na kujifunga nyuma yake. Hapo ndipo lilipo tatizo kubwa la mila hii. Julai 2016, kwenye mlima Mont Ventoux, umati ulibana hata pikipiki ikakwama, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza mashindano, akaanguka. Baiskeli ilipovunjika akaanza kukimbia kwa miguu. Mwaka 2021, siku ya kwanza kabisa huko Bretagne, mtazamaji aliyegeukia kamera na bango la kuwasalimu babu na bibi yake alisababisha sehemu kubwa ya kundi kuanguka; mahakama ilimtoza faini ya euro 1,200. Mashabiki wa siku nyingi huwalaumu sana wanaokimbia ubavuni mwa waendeshaji wakitafuta kuonekana. Sheria yao haikuandikwa popote, nayo ni fupi: piga kelele upendavyo, usimguse mtu, usimmwagie maji asiyeyaomba.

Kila taifa lina namna yake. Wabaski hufurika kwenye Pyrenees na bendera zao nyekundu, kijani na nyeupe. Mjerumani Didi Senft alijulikana tangu miaka ya 1990 kwa kuvaa mavazi ya shetani na kushika mkuki wa meno matatu. Waeritrea waishio Ulaya nao wamejipatia nafasi. Nchi yao ilipokea mchezo huu chini ya ukoloni wa Italia, wakaufanya wao, na mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus wakawa Waafrika weusi wa kwanza wa zama hizi kushiriki. Tarehe 1 Julai 2024 Mweritrea Biniam Girmay alishinda mbio za siku hiyo mjini Turin, na akamaliza mashindano akiwa na jezi ya kijani ya kinara wa pointi. Bendera za Eritrea zikazidi kuongezeka kandokando ya barabara mwaka ule.

Waholanzi, ambao nchi yao haina mlima wa maana, wamejitwalia mpando wa Alpe d'Huez. Mpando huo una kona 21, zinazohesabiwa kurudi nyuma kuelekea kileleni, na kila moja ina ubao wa majina ya washindi. Kati ya mwaka 1976 na 1989 Waholanzi walishinda hapo mara 8, huku padri Mholanzi akiwa mlezi wa kanisa la huko juu. Tangu hapo hakuna mwanamume wa Kiholanzi aliyeshinda tena, lakini kona ya 7 bado ni yao: fulana za rangi ya chungwa, muziki wa spika, bia, moshi wa rangi.

Desturi ya kungojea wa mwisho nayo ina uzito. Mwenye haraka huondoka viongozi wakipita. Shabiki wa kweli hubaki hadi kundi la waliochoka, ambao mara nyingi ni waendeshaji wa kasi ya kumalizia wenye miili mizito, wanaopigania kufika kabla muda uliowekwa haujaisha. Hawa hupigiwa makofi kama washindi, na nyuma yao huja gari lenye fagio, lililoanza kutumika mwaka 1910 kuwachukua walioshindwa. Baada yake barabara hufunguliwa, na msongamano wa kushuka mlima huchukua hata nusu usiku.

Mashindano ya wanawake, yaliyofufuliwa mwaka 2022, yamerithi mila hizi karibu zote. Yalipoishia Alpe d'Huez tarehe 18 Agosti 2024, Waholanzi walikuwapo kwenye kona yao. Demi Vollering, Mholanzi, alishinda mpando huo, lakini Kasia Niewiadoma wa Poland akabaki na jezi ya njano kwa tofauti ya sekunde 4.