Filamu inaweza kufundisha amani

Ndugu wazazi na viongozi wa Kailo, mtoto aliyekimbia vita mara nyingi hufika shuleni bila kitabu. Mwalimu atamfundishaje haki zake? Filamu fupi inaweza kusaidia, ikifuatwa na mazungumzo.

Katikati ya miaka ya 2000, huko Uvira, Kivu ya Kusini, shirika la AJEDI-Ka lilitengeneza filamu juu ya watoto walioingizwa jeshini na kuzionyesha vijijini. Wazazi wengine walikuwa wakitoa watoto wao kwa hiari, wakidhani wanalinda kijiji. Filamu hizo ziliwapa nafasi ya kuwasikia watoto wenyewe, kisha kujadiliana.

Nasi tunaweza kufanya hivyo, hata pasipo intaneti kijijini. Mtu mmoja akipakua filamu mjini Kindu, ataileta ndani ya simu yake.

Tunawashauri mambo manne:

1. Itazameni kwanza ninyi wenyewe, ili isiwatie watoto hofu au kuchochea chuki.

2. Isimamisheni katikati na kuuliza: Nani aliamua? Nani aliumia? Sisi tungefanya nini?

3. Elezeni sheria. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza mtoto katika jeshi, polisi au kundi lolote la silaha.

4. Mkirekodi filamu yenu, msionyeshe uso wala jina la mtoto aliyetoka kwenye makundi hayo. Waliomchukua wanaweza kumtafuta, na picha ikishaingia kwenye intaneti hairudi tena.