KIWANJA CHA BABA MDOGO: JINSI MJI UNAVYOTOA RUHUSA YA KUJENGA

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mtanunua kiwanja siku moja, na baadhi ya wazee wa shule wamekwisha kununua. Kwa hiyo naomba nafasi kidogo nieleze jambo ambalo mimi sikufundishwa darasani, nalo ni jinsi mji unavyoamua nani ajenge nini, na wapi. Nitalieleza kwa habari za kiwanja kimoja tu, cha baba yangu mdogo huko Ruharo, kwani sheria tupu huleta usingizi.

Ruharo ni kilima kilicho upande wa magharibi wa mji wa Mbarara, mahali penye kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, hospitali ya misheni, na shule ya Mbarara High School iliyoanzishwa mwaka 1911. Bondeni wapita mto Rwizi, ambao maji yake ndiyo yanywewayo mjini. Nilipokuwa mtoto, kati ya kilima na mto palikuwa na migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu. Leo migomba ipo, lakini imebanwa na nyumba pande zote.

Mji wenyewe ulianza kama boma la serikali ya Kiingereza katika nchi ya Ankole, pamoja na maduka ya Wahindi. Mwaka 1979, katika vita vya Kagera, majengo mengi ya mji yalibomolewa, na baadaye watu walijenga upya jinsi kila mtu alivyoweza. Mwaka 1989 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na pamoja na wanafunzi ikaja haja ya vyumba vya kupanga. Tangu mwaka 2013 Mbarara ulikuwa miongoni mwa miji iliyotengenezewa barabara za lami na taa kwa fedha za Benki ya Dunia, na penye lami bei ya ardhi haikosi kupanda. Hatimaye, tarehe 1 Julai 2020, Mbarara ulipandishwa daraja ukawa jiji. Vijiji vilivyokuwa pembeni vilikuwa vimekwisha kuingizwa ndani ya mipaka. Mzee alilala mwanakijiji, akaamka mtu wa jiji, na ng'ombe wake bado wako zizini.

Lakini msidhani kwamba sheria ya mipango huanza pale penye kibao cha jiji. Sheria ya zamani ya mwaka 1964 ilishika mahali palipotangazwa tu kuwa eneo la mipango. Sheria ya mwaka 2010 ilisema kwamba nchi nzima ya Uganda ni eneo la mipango, mjini na shambani, na kwamba mtu ye yote asiendeleze ardhi bila ruhusa. Nimekutana na watu wenye elimu kubwa wasiojua jambo hilo. Hukuonyesha hati ya ardhi yenye muhuri, wakisema, "Hii ni mali yangu, nani ataniuliza?" Ni kweli kwamba kwa Katiba ya mwaka 1995 ardhi ni ya wananchi. Lakini hati yakuambia kiwanja ni cha nani; haikuambii waweza kusimamisha nini juu yake. Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina ofisi yake.

Sasa nije kwa baba mdogo. Kwa miaka mingi alikuwa mchuuzi wa vitenge na sabuni huko Nakivale, katika wilaya ya Isingiro. Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja watu wa Rwanda, na baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, hata pamekuwa kama mji, na Kiswahili ndicho kinachowauzia na kuwanunulia. Huko ardhi hutolewa kwa njia nyingine kabisa. Mkimbizi huonyeshwa kipande cha ardhi na ofisi ya Waziri Mkuu, ajenge na kulima, lakini hana ruhusa ya kukiuza. Sokoni baba mdogo aliwaona watu wakisimamisha kibanda asubuhi kwa miti na mabati, na jioni kinauza sukari. Yeye mwenyewe alikuwa na kibanda cha namna hiyo. Akazoea kudhani kwamba kujenga ni kazi ya fundi na mvua tu: fundi akiwapo na mvua ikikosekana, jengo husimama.

Alipopata fedha alinunua kiwanja Ruharo, futi 50 kwa 100, kipimo ambacho kila dalali wa Uganda hukitaja kama sala. Nyuma palikuwa na nyumba ndogo, mbele pakiwa wazi, na barabara ikipita. Akaona maduka matano kwa mstari mmoja, na kimoja katika hayo kiwe kilabu cha pombe. Akakopa katika chama cha akiba, akaita mafundi. Kuta zilipofika kimo cha kuwekea lenta, mkaguzi wa majengo alifika, akaomba kuona ramani yenye muhuri. Ramani ilikuwapo, muhuri haukuwapo. Akaandika herufi X kwa rangi nyekundu katika ukuta wa mbele, na notisi ya kusimamisha kazi ikaletwa.

Hapa sina budi kuungama. Ramani ile niliichora mimi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi karibuni, na nilikuwa nikichora ramani za nyumba kwa bei nafuu, pasipo kuandikishwa kama msanifu majengo wala mhandisi. Maduka ya baba mdogo niliyachora mezani kwangu kwa jioni mbili, nikitumia maduka mengine niliyokuwa nimemchorea mtu mwingine. Nilibadili vipimo vichache tu. Sikwenda kukiangalia kiwanja. Sikuuliza kimepangiwa nini. Baba mdogo hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Mwanangu, twende huko ofisini, wewe unajua kusoma makaratasi yao."

Tulikwenda. Ukutani ilitundikwa ramani kubwa ya mpango wa mji, na kila eneo lina rangi yake: makazi, biashara, viwanda, shule na hospitali, na sehemu zisizojengwa kando ya mto. Ofisa wa mipango aliweka kidole juu ya kiwanja chetu. Kilikuwa ndani ya rangi ya makazi. Ndipo alipotueleza jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike, maana watu wengi huchanganya maombi matatu yasiyofanana.

Ombi la kwanza ni la mtu anayetaka kujenga kile ambacho mpango unakikubali. Huyu hana vita na mtu. Ataonyesha ramani zake na hati yake, na kamati itaangalia kama ni sawa. Ombi la pili ni la kubadili matumizi, yaani mahali palipopangiwa makazi pawe pa biashara. Hili ni zito, kwa kuwa linagusa watu wasiokuwa na faida yo yote katika jengo lako. Jirani alinunua akijua kwamba mtaa ni wa kulala. Sasa wataka kumletea malori na ngoma. Ombi la tatu ni la kulegezewa kanuni kidogo: ujenzi wako wakubalika, lakini kiwanja kimekaa vibaya, labda kina mteremko mkali au kona nyembamba, na huwezi kuacha nafasi yote itakiwayo kati ya ukuta na barabara.

Ombi hili la tatu lina historia. Mji wa New York ulipotunga kanuni zake za kugawa maeneo mwaka 1916, iliundwa pia bodi ya kusikiliza watu waliobanwa na kanuni hizo, kwani walijua kwamba kalamu ya ofisini haiwezi kuona kila jiwe na kila bonde. Fikra yake imeenea katika miji mingi ya Marekani, hata midogo, nayo ni hii: shida iwe ya ardhi yenyewe, isiwe ya mfuko wa mwenye ardhi. Mtu mwenye kiwanja cha pembe tatu asikilizwe. Mtu anayesema tu kwamba maduka matano yaleta kodi kubwa kuliko mawili, huyo hana shida, ana tamaa. Mimi naiona ni fikra nzuri. Uganda haina bodi ya pekee kwa jambo hilo, kwani sheria zetu zilifuata zaidi njia ya Waingereza, ambayo ni kuomba ruhusa kwa kila ujenzi, na maombi yote hupimwa na kamati ile ile moja.

Kamati hiyo ya mipango huongozwa na karani mkuu wa mji, na ofisa wa mipango ndiye katibu. Ndani yake wamo pia watu kama mpima ardhi, mhandisi, na ofisa wa mazingira. Yaweza kukubali, kukubali kwa masharti, kuahirisha, au kukataa na kutoa sababu. Asiyeridhika aweza kukata rufani kwa Bodi ya Taifa ya Mipango. Katika mji mkubwa wajumbe hawakujui. Katika mji mdogo kama wetu hukosi mjumbe aliyesoma na kaka yako au anayesali kanisa moja na jirani yako. Watu husema huo ni ubaya tu. Mimi nasema una pande mbili: upendeleo waweza kuingia kwa mlango huo, lakini pia mjumbe hawezi kuruhusu upuuzi halafu asiuone, maana ataupita kila siku akienda kazini.

Kosa la baba mdogo lilikuwa kubwa kuliko maombi yote matatu, kwani alikuwa amejenga kwanza. Kuomba ruhusa baada ya kujenga ni desturi iliyoenea sana, nami naichukia, ingawa nilishiriki. Huiweka kamati katika nafasi mbaya: ikikataa, yaonekana kama inabomoa chakula cha watoto, ikikubali, yule aliyengoja ruhusa kwa subira anaonekana mjinga.

Tukaanza upya. Tulimtafuta mpima ardhi, akafukua mawe ya mpaka. Tukaona kwamba ukuta wa mbele ulikuwa umeingia katika nafasi ya barabara hatua mbili nzima, kwa kuwa fundi alipima kutoka mtaro, si kutoka jiwe. Msanifu aliyeandikishwa akachora ramani mpya. Kisha tukawaendea majirani, na hili silo la karatasi hata kidogo. Upande wa chini aliishi mama mmoja, mwuguzi mstaafu. Alitukaribisha, akatupa chai, akamwambia baba mdogo, "Ndugu yangu, duka silikatai. Nachoka kwenda mbali kutafuta chumvi. Lakini kilabu nitakikataa mpaka siku ya kufa kwangu. Tena, maji ya paa lako yatakwenda wapi?" Hatukuwa na jibu. Mimi, mchoraji, sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba mabati marefu kama yale yangemwaga maji yote katika ua wake, na kutoka kwake mpaka Rwizi.

Kwa viwanja vilivyo karibu zaidi na mto, jambo ni gumu kuliko letu. Kanuni za mwaka 2000 zalinda ukingo wa mito mikubwa kwa upana wa mita 100, na mito midogo mita 30, na hapo kamati ya mji haina uwezo wa kulegeza kwa huruma tu. Dalali hakuambii hayo. Atakuambia kwamba mahali pana hewa nzuri.

Kamati ilikubali kwa masharti. Maduka mawili ya mahitaji ya nyumbani yaliruhusiwa, kilabu kikakataliwa, ukuta wa mbele ubomolewe na urudishwe nyuma ya mpaka, na maji ya paa yaingizwe katika tangi na mtaro. Baba mdogo alikaa kimya njia nzima ya kurudi. Vyumba vitatu vilivyobaki vilikuwa deni tupu. Tulipofika alivua koti, akachukua nyundo, akaanza mwenyewe kuangusha ukuta wenye X, nami nikavua langu. Tuliokoa matofali kiasi cha nusu. Mengine yalivunjika, tukayatia chini ya sakafu.

Ruhusa ya mipango ilipopatikana tulidhani tumemaliza, kumbe bado. Sheria ya majengo ya mwaka 2013 yataka kibali cha ujenzi, ambacho hutolewa na kamati ya majengo baada ya kuona kwamba nguzo na msingi vyatosha kubeba paa. Na jengo likiisha yataka kibali kingine cha kuingia na kulitumia. Hicho cha mwisho wengi hukisahau, wakafungua milango rangi ikiwa bado mbichi.

Mimi nimeacha kuchora ramani za watu. Siku hizi nimeajiriwa na msanifu aliyeandikishwa, nabeba vipimo na kushika ncha ya utepe, na kila kiwanja nakiendea kwa miguu kabla penseli haijagusa karatasi. Baba mdogo bado anarudi Nakivale siku za soko, kwa ajili ya lile deni. Maduka mawili yamepakwa rangi ya kijani na kufungwa kufuli. Mkaguzi ameahidi kuja Jumatano kuangalia choo na mtaro, na mama mwuguzi amekwisha kuuliza mara mbili kama chumvi imefika.