Hodi Isiyosikika: Somo la Sarufi kutoka Ndani ya Kompyuta

Rafiki yangu anayesoma katika Kitivo cha Politekiniki aliniletea kurasa tatu na kuniomba nizitie katika Kiswahili, apate kuwaeleza wadogo wake wa mwaka wa kwanza. «Ninyi watu wa lugha, hii ni kazi yenu,» aliniambia. Nilidhani ananitania. Kurasa zenyewe zilihusu PCIe, yaani njia inayounganisha kadi za mtandao, diski na vifaa vingine na kichakataji. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilikubali kwamba alisema kweli: zilikuwa kurasa za sarufi.

Tuanze na mti wa vifaa. Katika kompyuta nyingi ndogo zenye vichakataji vya ARM, mfumo kama Linux hauwezi kugundua peke yake sehemu zote zilizomo ndani ya mashine. Lazima usomewe maandishi yanayosema: hapa kuna kidhibiti fulani, anwani yake ni hii, waya wake unafika pale. Maandishi hayo hupangwa kama mti, kila kifaa na kifundo chake, na kila kifundo na sifa zake. Wazo lilitoka katika kiwango cha Open Firmware, IEEE 1275, cha mwaka 1994.

Lakini mtu haandiki sifa anavyopenda. Kwa kila aina ya kifaa zipo kanuni za maelezo: maneno gani ni ya lazima, yapi ni ya hiari, na yapangwe kwa utaratibu gani. Zamani kanuni hizo ziliandikwa kwa maneno ya kawaida. Siku hizi nyingi zimo katika umbo la YAML, na programu hukagua kama maelezo yamezifuata. Juu ya zote kuna kanuni moja kuu: eleza kifaa kilivyo, si jinsi programu fulani inavyokitumia. Sababu ni kwamba maandishi hayohayo yanaweza kusomwa na mifumo mbalimbali, na hata na toleo la Linux litakalotoka miaka kumi baadaye.

Sasa tufike kwenye neno lililonisumbua zaidi: kikatizo. Kifaa kikipata habari, kwa mfano ujumbe umefika kutoka mtandaoni, hukatiza kazi ya kichakataji ili kihudumiwe. Neno «kikatizo» ni sahihi, ila kwetu anayekatiza maneno ya wakubwa hana adabu. Ili nielewe, nilikifikiria kama hodi: mgeni yuko mlangoni, mwenye nyumba anaacha kazi yake na kuitikia.

Katika PCI ya zamani hodi ilipigwa kwa waya nne, A, B, C na D. PCIe haina waya hizo. Kifaa hutuma ujumbe unaoziigiza, na kidhibiti cha PCIe hugeuza ujumbe huo kuwa ishara kwa kidhibiti kikuu cha vikatizo. Mti hueleza njia hiyo kwa sifa iitwayo interrupt-map, ambayo ni jedwali: A inakwenda wapi, B inakwenda wapi. Humo A huhesabiwa 1 na D huhesabiwa 4. Programu inayoanza kuhesabu kwa 0 bila kukumbuka hilo itafungua mlango wa jirani.

Njia ya pili ni MSI. Hapa kifaa huandika namba fulani katika anwani fulani ya kumbukumbu, kama mtu anayetia barua katika sanduku la posta. Vidhibiti vingi vya PCIe vilivyojengwa juu ya usanifu wa DesignWare vina kipokezi chake chenyewe cha barua hizo. Kinaweza kupokea hadi 256, katika makundi 8 ya 32. Mara nyingi makundi yote hutoa ishara kwa waya mmoja.

Katika chipu kadhaa za Qualcomm sivyo. Kila kundi lina waya wake. Hata hivyo, kwa muda mrefu maelezo ya mti yalitaja waya mmoja tu. Barua 32 za kwanza zilisikika. Zilizofuata ziliandikwa, lakini hodi yake haikumfikia mtu. Mwaka 2022 jambo hilo lilishughulikiwa: kanuni zikapanuliwa ili waya zote nane zitajwe, kuanzia msi0 hadi msi7. Miti ya zamani yenye waya mmoja haikukataliwa. Linux huisoma bado, ila huishia kwenye 32.

Ndugu msomaji, angalia vizuri kosa lilikuwa la namna gani. Sentensi ya zamani haikuwa na dosari ya sarufi. Mkaguzi yeyote angeipitisha. Ilikuwa imepungukiwa na ukweli, na kifaa hakina mdomo wa kulalamika.

Nami nilifanya kosa la ukoo huohuo. Mahali palipotaja waya nane, moja kwa kila kundi, niliandika kwa ufupi «waya za MSI». Upatanisho wa ngeli ulikuwa safi na sentensi ilitiririka vizuri. Rafiki yangu aliisoma, akainua kichwa, akauliza: «Ngapi?» Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa jibu nilikuwa nimelifuta mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye angeandika mti wake kwa kufuata tafsiri yangu angeweza kutaja waya mmoja au tatu, na mashine yake ingemwitikia nusunusu bila kumwambia kwa nini.

Nilirudisha namba nane, na majina yote manane. Sentensi imekuwa ndefu na nzito kidogo. Tangu siku hiyo, nikimaliza tafsiri yoyote ya kiufundi, hukagua upatanisho kwanza, kisha humpelekea mtu anayekijua kifaa, nikangoja aulize: ngapi, ipi, inafika wapi?