Tajiri wa soka akigoma, nani acheke Masisi na Walikale?

Utani ulikuwa tayari kabla wino haujakauka. Septemba 1, 2025, siku ya mwisho ya usajili Uingereza, mshambuliaji wa Leopards ya Kongo, Yoane Wissa, alihama Brentford na kujiunga na Newcastle kwa ada iliyoripotiwa kufikia pauni milioni 55. Agosti nzima hakuichezea Brentford mechi hata moja ya ligi. Alidai klabu ilimwahidi kumwachia aondoke, kisha ikamfungia mlango.

Siku nane baadaye, akiwa Kinshasa na timu ya taifa dhidi ya Senegal, aliumia goti kabla hajaichezea klabu yake mpya hata dakika moja. Hapo watani hawakuhitaji msaada: bwana aligoma ili ahame, akahama, kisha goti nalo likagoma.

Ukiusikia utani huo ukiwa Masisi au Walikale, utamu wake huongezeka. Mchimba koltani wa Rubaya hajui dirisha la usajili. Ana sururu, tochi na gunia. Akikaa siku moja bila kushuka shimoni kwa sababu amekasirika, siku hiyo nyumbani hakuna foleni la unga wala la mafuta.

Walikale nako, kabla ya mgodi wa kisasa kufunguliwa Bisie, vijana walibeba magunia ya kasiteriti mgongoni, wakikatiza msitu kwa miguu hadi barabarani. Mchezaji wa Ulaya ana wakala wa kumjadilia bei. Wakala wa mbebaji wa Bisie ulikuwa mgongo wake.

Kwa hiyo ni rahisi kumcheka tajiri anayenuna. Lakini katika maeneo haya mawili ya Kivu Kaskazini, kicheko hicho hukwama kooni kabla hakijaisha, kwa sababu madai ya mchezaji yanafanana mno na madai ya watu wa hapa.

Bonasi kwa ndege

Januari 2017, Kombe la Afrika likikaribia kuanza Gabon, wachezaji wa Leopards walisusia mazoezi mjini Oyem wakidai bonasi zao. Wengi wao walikuwa na mikataba minono Ulaya. Swali la watani likawa jepesi: mtu anayelipwa kwa yuro anamkaba nani koo kwa posho ya serikali?

Siku chache baadaye waliingia uwanjani, wakaifunga Morocco 1-0 kwa bao la Junior Kabananga, na kufika robo fainali walikotolewa na Ghana.

Ghana yenyewe ilikuwa imeshaipa Afrika kichekesho kikubwa zaidi. Katika Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil, wachezaji wake waligoma hadi serikali ikapakia zaidi ya dola milioni 3 taslimu kwenye ndege na kuwapelekea. Beki John Boye alionekana akibusu noti zake kama mtu aliyempata ndugu aliyepotea.

Novemba 2025 ikawa zamu ya Wakongo kumcheka jirani. Wachezaji wa Nigeria walisusia mazoezi nchini Morocco wakidai malimbikizo ya bonasi, siku mbili kabla ya kucheza na Gabon. Madai yakatulizwa, Gabon ikafungwa 4-1, na Novemba 16 Nigeria ikakutana na Leopards. Kongo ilishinda kwa penalti na kusonga mbele katika safari ya Kombe la Dunia la 2026.

Mataifa yenye fedha nayo hayajanusurika. Ligi ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, NHL, ilifuta msimu wote wa 2004-05 baada ya wamiliki kuwafungia nje wachezaji kwa sababu ya mzozo wa mishahara. Mashabiki walisema hao ni mamilionea wanaogombana na mabilionea, na kila upande ulistahili kuchekwa sawasawa.

Hapo ndipo Kongo inapotofautiana. Leopards wanapogoma, upande wa pili haukai bilionea mwenye klabu. Inakaa serikali ileile ambayo mwalimu wa Masisi naye anaidai.

Teke lililochekesha dunia

Wakongo wenye umri mkubwa wanalijua somo hili tangu 1974. Mwaka huo Leopards wa Zaire walitwaa ubingwa wa Afrika nchini Misri, huku Ndaye Mulamba akifunga mabao 9 katika mashindano hayo, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa. Rais Mobutu aliwazawadia nyumba na magari. Walikuwa matajiri wa mtaa.

Miezi michache baadaye walikuwa Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia. Baada ya kufungwa 2-0 na Scotland, kwa simulizi za wachezaji wenyewe, waligundua kwamba fedha walizoahidiwa zimeishia mikononi mwa viongozi. Wakatishia kutocheza. Walibembelezwa wakaingia uwanjani, na Yugoslavia ikawafunga 9-0.

Kisha ikaja mechi na Brazil. Brazil ilipata mpira wa adhabu, na kabla mpigaji hajaugusa, beki Mwepu Ilunga alichomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali. Akaoneshwa kadi ya njano. Kwa miaka mingi picha hiyo iliwekwa katika vichekesho vya soka duniani: tazama Mwafrika asiyejua sheria za mpira.

Mwepu, aliyefariki 2015, alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri. Alitaka atolewe nje. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani wakati wanaonufaika wamekaa jukwaani. Kilichochekwa kama ujinga kilikuwa mgomo wa mtu mmoja, uliofanyika mbele ya dunia nzima bila dunia kuuelewa.

Ndaye naye hakuzeeka na utajiri. Baada ya kupigwa risasi mguuni katika miaka ya 1990, alikimbilia Afrika Kusini, ambako mfungaji huyo wa mabao 9 aliwahi kuishi kwa kulinda magari ya watu kwenye maegesho ya Cape Town. Alifariki Januari 2019.

Mwalimu hana mechi Jumatatu

Mwaka 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Wazazi wengi walishangilia, kwa kuwa awali wao ndio waliochanga posho ya walimu. Lakini kwa mwalimu ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, mchango ulikoma na mshahara haukuja. Oktoba 2021 walimu wengi wa shule za umma nchini waligoma, na madarasa yakabaki matupu mwanzoni mwa mwaka wa masomo.

Mgomo wa mchezaji una saa yake: mechi ni Jumatatu, televisheni zinasubiri, waziri hawezi kulala. Mgomo wa mwalimu hauna mechi. Darasa likifungwa katika kijiji kilicho nyuma ya vilima vitatu, anayejua ni mzazi tu.

Na fedha hazikosi njia kila mara. Mwaka 2025 Kinshasa ilisaini na klabu ya Barcelona mkataba wa miaka minne, ulioripotiwa kuzidi yuro milioni 40, ili jina la Kongo liandikwe kwenye jezi za mazoezi. Matajiri wa klabu hiyo hawakuhitaji kugoma ili walipwe.

Vidole viwili kichwani

Kuna sababu nyingine inayomfanya mtu wa Masisi apunguze kicheko. Februari 7, 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Ivory Coast, wachezaji wa Leopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa wakiziba mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakielekeza vidole viwili kichwani kama bastola. Siku hizo mapigano yalikuwa yakiukaribia mji wa Sake, ulio ndani ya Masisi. Walifungwa 1-0, lakini watu walioonekana kama vijana wa magari ya kifahari walikuwa wamesema jambo ambalo wengi walinyamazia.

Mambo hayakupoa. M23 waliichukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, mji wa Masisi Januari 2025, na Machi 19 wakaingia mjini Walikale kabla ya kuondoka mapema Aprili. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi za koltani ya Rubaya pekee ziliwapatia waasi hao takriban dola 800,000 kwa mwezi. Kwa hiyo hata aliye shimoni ana anayemkata, ila hakuna anayemwita tajiri.

Utani kuhusu Wissa na wenzake husafiri kwa simu, na ndani ya simu hizo mna tantali, madini yanayotokana na koltani kama ya Rubaya. Mchimbaji akipata simu iliyochakaa yenye chaji kidogo, naye atausoma na kucheka kama wengine.

Kisha atarudi shimoni. Wachezaji wa Ghana walipogoma, ndege iliwaletea fedha. Walikale nayo ina kumbukumbu ya ndege: zilikuwa zikitua barabarani kule Kilambo, zinashusha bidhaa, zinapakia kasiteriti na kuondoka.