Sihiri ya Mchezo na Sihiri ya Pangoni

Wazazi wa Tanga wauogopao mchezo wa kompyuta uitwao Crusader Kings II, uliotungwa Uswidi na kutolewa mwaka 2012, wana sababu. Mchezaji hutawala ufalme wa zama za kati. Na kwa nyongeza ya mwaka 2017 aweza kujiunga na chama cha siri, hata cha wamwabuduo Shetani, ili apate nguvu za kuwadhuru maadui. Kumkataza mtoto hatukuoni vibaya. Lakini mtoto ajua kuwa anacheza. Wamo miongoni mwetu, watu wazima, wachukuao ubani na marashi hadi mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, kuuomba mzimu uwape uzazi; na hao hawachezi. Mtoto akiwauliza tofauti, watamjibu nini?