Je, Wajua? Bakteria anayerithiwa hupoteza jeni

Kuishi ndani ya mnyama hakutoshi kumpunguzia bakteria jeni zake. Kwenye chemchemi za maji moto za sakafu ya Pasifiki ya mashariki huishi kombe Calyptogena magnifica na mnyoo Riftia pachyptila, ambaye akikomaa hana mdomo wala utumbo. Wote wawili hulishwa na bakteria wanaotengeneza chakula kwa nguvu ya salfaidi. Hata hivyo, jenomu ya bakteria wa kombe, iliyochapishwa mwaka 2007, ina herufi za DNA takriban milioni 1.2 tu, ilhali ya bakteria wa mnyoo inazidi milioni 3.

Huenda mtu akasema bakteria wa kombe amebweteka kwa kulishwa. La, yeye ndiye mlishaji, na bado ana jeni za kutengeneza asidi amino zote 20. Giza na kina navyo si sababu, maana makazi ni yale yale. Tofauti kubwa ni njia ya kurithishwa: bakteria wa kombe hupitia kwenye yai, kwa hiyo ni nadra kukutana na wenzake wa kubadilishana nao jeni, na inayopotea hairudi kwa urahisi. Wa mnyoo huingia upya kutoka majini kila kizazi, kupitia ngozi ya mnyoo mchanga, kwa hiyo hana budi kubaki na jeni za kujitegemea.